Wigi la Peru na Mkono Wako wa Kushoto

Mama Mdogo Mwajuma, shikamoo. Nimekaa hapa ufukweni South Beach, upepo unataka kuninyang'anya kadi hii ninayokuandikia, nami bado nacheka.

Leo Mama Furaha, yule msusi Mkongomani ninayekaa kwake, kanipeleka makumbusho kuona sanaa za kale kutoka Peru. Vyungu vyenye sura za watu, vitambaa, dhahabu, vyote akavipita kama anakimbia mvua. Kisha akasimama mbele ya wigi la nywele za binadamu, limesokotwa kote, akabandika paji la uso kwenye kioo.

"Eish! Angalia namna zimezunguka! Huyu fundi alikuwa wa mukono wa kushoto!"

Mlinzi akaja mbio kututoa kwenye kioo. Mama Furaha akamshika bega, akasokota nywele zake mwenyewe kumwonyesha: za mkono wa kulia huzunguka huku, hizi zimezunguka kule. Mlinzi akainama kuhakikisha, na paji lake likaacha alama ya jasho kwenye kioo kando ya ile ya Mama Furaha!

Nikakukumbuka, na wale wateja wa Ujiji wanaodai mkono wako wa kushoto una mkosi, mpaka ukakunja mkeka wako wa kusukia. Mama, kesho utandike. Atakayeleta maneno mwambie nywele za mkono wa kushoto nimeziona mimi, zina miaka zaidi ya elfu, na hakuna hata msokoto mmoja uliofumuka.

Nakupenda mno. Nitunzie nafasi ya kichwa changu kwenye mkeka huo.

Mwanao, Zawadi