Mbwa wa Siku Usizoweza Kuinuka

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kilosa tu wazima. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike, na babu yako hataki kumtua.

Unauliza kama ufuge mbwa ilhali baridi yabisi inakusumbua. Mimi nilikuwa nayo tulipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Mikumi. Asubuhi nyingine nilishindwa hata kushika kikombe. Nyani walikuwa wanamaliza mahindi, babu yako akaleta mbwa. Nikamkataa.

"Mimi mwenyewe nalishwa, huyu nitamlisha saa ngapi?"

Jirani yetu, Mama Sikujua, akacheka. "Siku ukishindwa, mwache aje kula kwangu."

Basi akabaki, tukamwita Askari. Masika yalipoanza, babu yako akiwa shamba la kijiji, viungo vilinikaza nikashindwa kuinuka kitandani. Askari alinitazama, kisha akaenda zake kwa jirani. Nilijiona nimeachwa na kila mtu. Haikupita muda nikasikia hodi. Mama Sikujua akaingia na bakuli la uji.

"Nimeona mbwa amekuja na njaa, nikajua leo hujaamka vizuri."

Nililia, lakini kwa kushukuru. Tangu hapo sikuziogopa tena asubuhi zangu.

Kabla hujamchukua huyo mbwa, mwanangu, nenda kamsalimie jirani yako. Mweleze siku zako mbaya zilivyo. Akikubali mbwa aende kula kwake siku hizo, mlete nyumbani, kisha uniandikie umempa jina gani.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye.