Kadi Tatu za Mama Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano asubuhi nzima. Wanachama wanapungua, na Bosi Kesho anataka kujua wameenda wapi—utadhani nimewaficha kabatini! (Tunamwita hivyo kwa sababu kila ukimwomba kitu, jibu lake ni kesho. Leo tu ndiyo alikuwa na haraka.) Nikajibu kwamba redio ya jamii haina wasikilizaji wa kwenye karatasi, ina watu, na watu hutembelewa. Kujitakia huko! Nimepewa mitaa yote ya upande wa soko niizungukie wiki hii. Mdomo wangu utaniua siku moja.

Mchana nilipanga kadi za salamu. Kazi hii naipenda, siwezi kukana. Mwanachama anajaza kadi nyumbani kwake, anaikunja na kuibana kwa pini. Mimi naigonga muhuri wa tarehe ya kusomwa na kuiweka kwenye boksi la viatu. Sauti, mtangazaji wetu wa asubuhi, anachukua za siku hiyo, anazifungulia studio na kuzisoma akiwa hewani. Mimi ujumbe sisomi. Ni mwiko wa ofisi tangu tuanze, na watu wanatuamini kwa hilo.

Za Mama Cherehani, yule fundi nguo wa nyuma ya ghala, zimebaki tatu. Moja kila Jumatano, mpaka tarehe kumi na tisa. Zote kumi na mbili alizileta kwa mkupuo mwishoni mwa Desemba, wakati miaka yote alikuwa akileta mojamoja. Nilimsifu mbele ya watu: laiti wanachama wote wangekuwa na mpangilio kama wako, mama! Akacheka tu. Kesho naanzia kwake, walau nipate mahali pa kukaribishwa vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Amefariki.

Amezikwa wiki tatu leo, na mimi nimekwenda kwake na fomu mkononi na kicheko mdomoni. Nimebisha kwa mbwembwe—mama, redio yako imekuja! Aliyefungua ni mume wake, yule mzee fundi saa. Akanitazama, akaitazama fomu. Akasema mwenyewe hayupo, wameshamzika. Nyuma yake cherehani imefunikwa shuka. Nikakaa bila kukaribishwa.

Kumbe ugonjwa aliujua tangu mwaka jana. Aliwaficha wote mpaka mguu ukashindwa kukanyaga cherehani.

Nikauliza mbona hatukuletewa tangazo, tungelisoma kwa heshima zote. Hapo uso wake ukabadilika. Aliyekataza ni yeye mzee. Tangazo likisomwa, mtoto wao wa mwisho atasikia na atakuja. Huyo alimnyanyulia baba yake mkono miaka tisa iliyopita, akafukuzwa, na hatajwi humo ndani. "Mkono ulionipiga mimi haukustahili kumtupia mama yake udongo." Alisema hivyo kwa sauti ya chini kabisa, huku akiniangalia machoni.

Sikuwa na ujasiri wa kumkumbusha kwamba kadi zote za mkewe zilianza vilevile: salamu kwa kitindamimba wangu popote alipo. Nadhani anajua. Jirani alinidokeza nikitoka: Jumatano asubuhi, redio ikiwashwa, mzee alikuwa anachukua fimbo yake na kutoka nje.

Jumatano, 5 Machi

Nimewahi kazini ili niitoe ile kadi. Niliishika mkononi. Nikairudisha kwenye boksi.

Nilijidanganya kwamba Sauti angeniuliza maswali na kipindi kimekaribia. Ukweli ni kwamba nilitaka kumsikia Mama Cherehani. Basi nikamsikia. Sauti akasoma kwa furaha zake zote: kitindamimba wangu popote ulipo, kula vizuri, usivae nguo mbichi, mimi mama yako sijambo. Sijambo! Nimejifungia stoo nikalia kama mtoto, uso kwenye maboksi ya karatasi.

Haikupita nusu saa, simu ya wanachama ikaita. Mwanamume, mitambo inanguruma nyuma yake. Alitaka tumshukuru mtangazaji. Yuko mbali, anatusikiliza kwa simu yake kila Jumatano kabla ya zamu. Ile sijambo ya mama yake, alisema, ndiyo inayombeba wiki nzima. Nikaitafuta namba yake kwenye daftari: mwanachama wetu miaka mitano, amejiandikisha kwa jina la Kitindamimba. Miaka mitano namtumia kadi ya uanachama na sikuwahi kujiuliza!

Akauliza, "Dada, umemwona karibuni? Bado anashona?"

Nikamwambia jana nilikuwa kwao. Neno la kweli, na uongo mtupu. Akacheka kwa raha, akasema nikimwona nimwambie anamkumbuka sana. Simu ikakatika. Hapana—niliikata mimi. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 6 Machi

Sijala tangu jana. Msiba wa mama yangu niliambiwa kituo cha basi, na mtu aliyedhani najua. Pole kwa msiba, akasema. Nikamuuliza, msiba upi? Siku kumi na moja zilikuwa zimepita. Kaka zangu walidai hawakutaka kunivuruga wakati wa mitihani. Nawapigia, nawasalimia, watoto wao nawapenda, lakini sijawasamehe sawasawa mpaka leo.

Na sasa namfanyia mtu mwingine lilelile.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaambia. Bosi Kesho akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwenye msiba ni mzee, akasema. Redio haiwezi kutangaza kifo ambacho wafiwa wamekikataza. Tulitazame kesho.

Sauti aliumia zaidi. Alihesabu kwa vidole: mara nne amemsoma marehemu hewani, tena kwa kicheko, na ya kwanza ilikuwa siku moja baada ya maziko. "Kwa hiyo mzee ametoka makaburini jana yake, asubuhi mimi namletea mkewe na muziki juu?" Akataka ampigie kijana yeye mwenyewe, sasa hivi. Nikakataa. Ni mwanachama wangu, na aliyemdanganya ni mimi. Nitampigia kesho, nikasema. Ugonjwa wa bosi unaambukiza.

Jumanne, 11 Machi

Nimebonyeza namba yake mara mbili. Mara mbili nimekata kabla haijaita. Mwoga mkubwa wee!

Jumatano, 12 Machi

Nimefanya kosa ambalo sijui litafutika vipi.

Sauti alinifuata na kadi ikiwa bado na pini. Tusome, tusisome? Nikajibu kwa sauti ya hakimu: ni haki ya mwanachama, kadi aliipanga mwenyewe, sisi si wa kuchagua. Eti haki! Nilichoogopa ni kijana kupiga simu kuuliza mbona leo mama kimya. Na kuifungua kwanza tuone ndani mna nini, hapo tukaukumbuka mwiko wetu. Kati ya siku zote, leo!

Akasoma. "Kitindamimba wangu, miaka tisa inatosha. Njoo nyumbani. Baba yako usimwogope, mimi nitasimama katikati yenu." Akaweka wimbo bila hata kuutaja.

Nilikimbilia simu, lakini ilishaanza kuita yenyewe. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Umesikia, dada? Umesikia alivyosema?" Nikasema ngoja, kuna kitu nataka nikwambie. Hakunisikia. Anakwenda kuomba ruhusa kwa msimamizi, mabasi ya huko yanaondoka kwa nadra, dada asante, asanteni wote hapo! Akakata. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga mpaka mchana.

Mama Cherehani alijua hatakuwepo. Aliandika hivyo na huku anajua. Sijui nimlilie au nimkasirikie.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa mzee. Kabla sijaketi akasema, "Nimemsikia." Siku zote alikuwa anatoka nje, lakini jana hakutoka. Alikaa palepale kwenye kiti cha mkewe mpaka wimbo ukaisha.

Nikamwambia mtoto yuko njiani. Alikuwa na saa ya mkononi ya mtu, imefunguliwa mgongo, akaendelea kuichokoa kwa kibanio. Halafu: "Mmemwita nyinyi. Mwambieni nyinyi."

Mzee wangu, nikasema, atakuja kwenye mlango huu.

"Mlango sitaufunga. Ila hilo neno mimi sitalitamka. Hata peke yangu sijalitamka."

Kibanio kikamponyoka. Nilikiokota, nikamwekea mezani. Siku tisa nimemchukia mzee huyu, na leo nimeshindwa. Nilikaa naye kama saa nzima. Aliniuliza kama nimeshakula.

Ijumaa, 14 Machi

Simu ya Kitindamimba haipatikani. Nimepiga mara kumi na moja. Njiani huko labda hakuna mtandao, au chaji imeisha, au anaihifadhi ili asikilize redio.

Bosi Kesho amepita mezani kwangu jioni wakati wa kufunga. Akija, akasema, asiambiwe mapokezi mbele za watu. Tumieni ofisi yangu, ufunguo huu hapa. Leo hakusema kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Amefika.

Naandika nikiwa stoo, mlango nimeurudisha. Yuko mapokezi, ametoka basi moja kwa moja mpaka hapa, vumbi mpaka kwenye kope. Mtu mzima, mabega mapana, mvi mbili tatu kidevuni. Nilikuwa nimemtengeneza kijana kichwani mwangu! Begani ana begi, mkononi ana mkasi mpya wa fundi kwenye pakiti yake. Alinionyesha kabla hata hatujasalimiana vizuri. Ule wa mama ulikuwa umeshaanza kutafuna kitambaa alipoondoka, anasema.

Nilimwambia pole na safari. Nikamwambia twende ofisini tuzungumze. Akasema kwanza anaomba kadi.

Hajaenda nyumbani. Anaogopa—alisema hivyo waziwazi, akajicheka. Kwenda peke yake hawezi. Amekuja kwetu kwa sababu moja: anataka salamu zake zisomwe sasa hivi, kabla hajapiga hatua. Mama azisikie. Ajue ameshafika mjini, atoke nje amngojee mlangoni, ili akikutana na mzee, yeye mama awe ameshasimama katikati kama alivyoahidi.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Kadi ikamfikia. Sijui niliitoa saa ngapi, mkono umezoea.

Namwona kwa ufa wa mlango. Ameinama kwenye kaunta, anaandika taratibu, herufi kubwa kubwa. Amejaza mbele, amegeuza nyuma. Ndani ya studio Sauti amesimama, amevua vifaa vya masikioni, ananitafuta kwa macho. Kipindi kimebakiza dakika sita. Ufunguo wa bosi ninao mfukoni. Nitamshika mkono, nitampitisha koridoni, nitafunga mlango, nitasema. Sentensi yenyewe ni ya maneno mawili. Nimeirudia hapa mara nne bila sauti.

Amemaliza. Anaangalia huku na huku. Anauliza kwa sauti, kutoka hapo nje, kama saa hizi mama atakuwa ameshawasha redio.

Nimemjibu naja.