Granatum, Neno Uliloniagiza

Mama,

Shikamoo. Najua leo hutaitika marahaba, lakini mkono wangu umekataa kuanza kwa neno jingine.

Arobaini yako imepita. Tumekusomea hitima hapa Maparoni, na dada Mwanaidi amechukua kinu na masufuria yako. Mimi nimechukua kitu kimoja tu: lile tunda lako la mikokoni, komafi, tulilolikuta kando ya kitanda chako, umelifunga kwa ukindu.

Unakumbuka siku ile nilipokuja kutoka Nyamisati na orodha ya miti ya mikoko kutoka ofisini kwetu, ofisi ya misitu? Nilikusomea kwa majivuno, jina letu kwanza, halafu la Kilatini. Nikafika kwenye mkomafi: Xylocarpus granatum. Ukaniambia nirudie. Ukacheka mpaka ukashika kiuno. Kisha ukauliza, "Hilo la mwisho, granatumu, maana yake nini?" Nikakujibu kwamba halina maana, ni jina tu la wazungu.

Ukanitazama. "Aliyelitoa kuna kitu alikiona kwenye mti huu, mwanangu. Kaulize."

Ulikuwa umepasua komafi, mbegu zimetawanyika mkekani, zile mbegu kubwa zenye pembe, hakuna mbili zinazofanana. Ukaanza kuzirudisha moja moja, huku unaongea, hata huzitazami, mpaka likawa duara tena. Kazi hiyo ilinishinda tangu utoto. "Karani mzima," ukasema, "unapanga mafaili ya Serikali, unashindwa na tunda!" Halafu ukaweka sharti: nikuletee maana ya lile neno, nawe utanifundisha kuzipanga.

Mama, sikuuliza. Niliogopa Bwana Miti, mkuu wangu wa ofisi, ataniona mjinga, karani anayenakili neno asilolijua. Kila Ijumaa nikija ulinipokea kwa "Enhe, karani?" nami nikakwambia Bwana yuko safarini. Hakuwa safarini. Alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nisamehe.

Nimemwuliza juma lililopita. Hakunicheka. Alifungua kitabu kinene akanieleza taratibu. Xylocarpus limetoka kwa Wayunani, tunda la ubao, kwa ugumu wake. Lakini granatum ni Kilatini chenyewe. Limetokana na neno lao la punje, na maana yake ni chenye punje nyingi. Warumi waliliita hivyo komamanga. Baadaye sana mtaalamu mmoja alilishika komafi, akaona duara lililojaa mbegu, akakumbuka komamanga, akaupa mti wetu jina hilo.

Basi ni hivyo tu, mama. Alikiona kile kile kilichokuwa mkekani kwako. Nilitoka nje nikajibanza nyuma ya rundo la boriti, nikalia kama mtoto.

Sasa maana ninayo, mwalimu sina.

Komafi lako nililiweka juu ya sanduku langu. Nikilifungua nitaona ulivyozipanga upya mbegu zake, lakini sitaweza kulirudisha, na hicho ndicho kitu cha mwisho ulichokifunga kwa mikono yako. Nikaapa sitaligusa. Kumbe ulikuwa umeliweka tayari kwa somo letu. Ulikuwa bado unaningoja.

Asubuhi ya leo nimekuta mzizi umechomoza katikati ya ukindu. Zinaota, mama. Nikiendelea kulikumbatia zitakauka.

Kwa hiyo kesho, maji yakipwa, nitakwenda kwenye tope pale ulipokuwa ukiokota makomafi. Nitalifungua pale pale. Kila mbegu nitaitazama ilivyokaa na mwenzake kabla sijaitoa, huenda nikajifunza. Nisipojifunza, basi, nitazipanda hivyo hivyo.

Na nakuahidi hili. Watoto wa Mwanaidi wakiniuliza nisilolijua, sitawaambia halina maana. Nitasema sijui, kisha nitakwenda kuuliza siku hiyo hiyo.

Lala, mama yangu. Nikitoka kwenye tope nitapita kaburini kwako na miguu yangu michafu, nikusomee Fatiha, nikujibu ile "Enhe" yako.

Mwanao,
karani wako