Taulo ya Tano

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, Migori yote ni tope, na mimi nimeamka na hasira ambayo hata chai ya maziwa haikuituliza. Sasa ni jioni na bado ninayo. Acha niiandike hapa kabla sijammwagia mtu asiyehusika.

Hasira yenyewe ni ya taulo.

Najua inavyosikika. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwenye saluni yake, mwenye presha, anakosa raha kwa sababu ya kipande cha kitambaa. Lakini ningoje nimalize.

Nilijiunga na jim baada ya daktari kuniambia kwamba kusimama saluni kutwa si mazoezi. Jim yetu iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, upande wa barabara ya kwenda Isebania. Ni banda la mabati, na nusu ya vyuma vyake si vyuma, ni saruji iliyomiminwa kwenye mikebe ya rangi ikapachikwa bomba katikati. Hilo silalamikii. Saruji ni nzito vilevile. Mwenyewe tunamwita Kocha, mzee wa miaka sitini na kitu mwenye mabega ya kijana, shemasi katika kanisa letu la Wasabato. Mimi ananiita Nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. Ni mtu mwema. Hilo ndilo linalofanya mambo kuwa magumu.

Jim ya Kocha inajulikana mjini kwa taulo. Zile nyingine hazina. Yeye ana nne, za bluu, na kwake hizo ni heshima ya nyumba. Mgeni akija kwako utamwambia abebe sahani yake? Ndivyo anavyouliza. Basi zinaning'inia kwenye waya karibu na mlango. Unachukua moja, unafuta jasho, unaitandika kwenye benchi ulaze kichwa, ukimaliza unairudisha. Anayefuata anachukua hiyo hiyo na kufuta uso wake.

Zinafuliwa mara moja kwa wiki. Ijumaa, kabla jua halijazama, mke wa Kocha huziloweka kwenye beseni la sabuni. Sabato inaingia, kazi inakoma, nazo zinalala humo mpaka Jumapili asubuhi. Msimu wa jua si neno. Msimu huu zinasuuzwa, zinaanikwa chini ya mabati, na tukifika Jumapili jioni bado ni mbichi na zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa.

Na huyu ni mtu ambaye hagusi mumi kwa sababu samaki yule hana magamba. Mezani kwake hakipiti kitu najisi. Lakini uso anaupangusa kwa jasho la watu ishirini.

Kazi yangu ni vichwa vya watu. Saluni kwangu kila kitana kinaoshwa na kulowekwa kwenye spiriti kabla hakijagusa kichwa kingine, na kila mteja ana taulo yake safi. Wengine hunicheka, wanasema nimefungua zahanati. Kwa hiyo nilipoanza jim nilifanya ninachojua. Nilinunua taulo yangu, ya waridi ili isifanane na zile za bluu, na chupa ndogo ya spiriti ya kufutia benchi.

Siku ya kwanza niliibeba begani. Nikaona watu wananitazama. Kutembea na taulo yako mahali ambapo taulo zipo ni kama kwenda karamuni na sufuria yako, unawaambia wenyeji kwamba chakula chao hukiamini. Nikaona haya. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeitundika kwenye waya, pembeni kabisa, nikijiambia kwamba rangi itatosha kuwaonya.

Kocha aliiona. Akapiga makofi mawili kunyamazisha watu, akasema, "Jameni, Nyar Homa Bay ametuletea taulo ya tano. Mungu ambariki."

Wakashangilia. Kijana mmoja akaichukua papo hapo akapangusa kwapa.

Nami nilifanya nini? Nilitabasamu. Nikasema karibuni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilala kwenye taulo ya yeyote. Ningeweza kununua nyingine. Ningeweza kumweleza Kocha faraghani. Nilijaribu mara moja, kwa maneno ya kuzungukazunguka, nikapendekeza kila mtu awe na yake. Alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Kwani sisi ni wachafu?" aliuliza. Nikasema hapana, hapana, Kocha, nilikuwa nafikiria tu. Nikafyata ulimi.

Halafu kikatokea kiduara.

Kilikuwa kwenye mkono wa kulia, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Nilijidanganya kwamba nimeunguzwa na draya. Lakini mimi nimeona choa kwenye vichwa vya watoto miaka kumi na tano. Naijua hata ikiwa na ukubwa wa punje ya dengu. Ukingo mwekundu, katikati panapauka, na inawasha mtu akisema nawe kitu cha maana.

Nilienda duka la dawa la mbali, karibu na soko, ambako hawanijui. Nikanunua krimu. Nikaanza kuvaa blauzi za mikono mirefu na glavu za saluni. Kazi ikaendelea. Mama yangu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa kweli sikumpigia simu wiki hiyo, nilijua sauti yangu ingenisaliti.

Sasa nifike leo.

Akinyi, binti yake Kocha, anaolewa Jumapili hii huko Homa Bay. Nywele zake ni kazi yangu, imekubaliwa tangu posa. Kwa mwezi mzima amekuwa akija jim kila jioni ili gauni limkae vizuri. Kesho kutwa nilipaswa kumsuka, na leo angepita nimwoshe na tupatane mtindo. Jana yote nilijadiliana na nafsi yangu. Bibi arusi si mteja wa kubahatisha naye. Asubuhi nikaamua: nitamwambia ukweli, nimtafutie msusi mwingine, na kama babake atauliza choa nimetoa wapi, atauliza.

Alifika saa nne, mwavuli umepinduliwa na upepo, kilemba kichwani. Nilimkalisha. Nikapandisha mkono wa blauzi nikamwonyesha. Nikasema, "Akinyi, siwezi kukugusa. Ona."

Hakushtuka. Aliinuka, akashusha pazia la mlangoni, akafungua kilemba.

Nyuma ya kichwa, mahali hasa ambapo mtu hulaza kichwa kwenye benchi, nywele zimekwisha. Ni duara lenye upana wa mdomo wa kikombe, lina magamba, na ukingoni lina majimaji. Kwa ukaribu huo lilikuwa na harufu. Niliona msichana wa watu amejikuna mpaka akajitoa damu.

"Auntie, nilikuja kwako ndiyo unifichie," akasema. "Weka tu braids juu. Watu wa Homa Bay wasione. Baadaye nitatibu."

Ningeweza. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ningeweza kabisa. Mkono wa msusi unajua kuficha. Unasuka kuzunguka, unapachika nywele za bandia juu, na picha za harusi zinatoka safi. Chini yake pangefungiwa joto na unyevu wiki tatu, na mahali pale pengine pasingeota nywele tena maisha yake yote. Nikamwambia. Akalia. Nikamwambia aende hospitali leo leo, kwamba choa ya kichwani haisikii krimu, inataka tembe. Akalia zaidi, akampigia babake.

Kocha alifika amelowa, kofia mkononi. Alitazama kichwa cha mwanawe kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma, wallahi, ingawa sisi hatuapi.

Kisha akasema, "Ni hawa watu wa machimbo. Wanatuletea."

Alimaanisha vijana wanaochimba dhahabu Osiri, watatu au wanne, ambao huja Jumatano. Nikachoka moyo. Vijana wale huoga kwanza, tena kwa sabuni ya kufulia, kwa sababu wanajua watu wanawatazama. Sijawahi kuona mmoja wao akigusa benchi na vumbi mwilini. Wenye haraka ya kuingia na jasho la kutwa ni sisi wa mjini, wenye maduka na ofisi.

Nikasema, "Kocha, ni taulo."

Neno lilitoka dogo tu. Miezi mitatu nimelibeba, likatoka hivyo.

Alinijibu bila kunitazama. "Nyar Homa Bay, mtoto ana harusi. Funika. Jumapili ikipita tutaona."

Nikakataa. Akauliza mara ya pili, kwa upole wa kanisani. Nikakataa tena. Akamwambia Akinyi avae kilemba, kuna wasusi wengine Migori. Pale mlangoni akageuka akasema kwamba tangu nianze maneno yangu ya taulo, baraka imetoka kwenye jim yake. Wakaondoka kwenye mvua. Mimi nilibaki nimeshika kitana nikijisikia mchawi.

Mchana kutwa sikufanya la maana. Nilisugua beseni lililokuwa safi. Nilikuwa na hasira na Kocha, na mke wake, na beseni lake, na kijana wa kwapa. Nilikuwa na hasira na tabia yetu hii ya kumwogopa mtu kwa sababu ni mwema. Angekuwa mkorofi tungemweleza zamani.

Saa kumi na moja nikafanya jambo ambalo hata sasa linanipa kijasho. Nilipiga picha ya mkono wangu, kiduara na vyote, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la jim. Chini yake nikaandika: hii ni choa, ni yangu, nadhani imetoka kwenye taulo tunazoshiriki, tafadhali kila mtu ajikague. Nikaweka jina langu na jina la saluni, maana kundini wengine hunijua kwa saluni tu. Akinyi sikumtaja. Nusu ya wanawake wa kundi hilo ni wateja wangu.

Dakika mbili baadaye mmoja akaandika, "Na unashika watu vichwa na hiyo kitu? Cancel yangu ya Friday." Wa pili naye akajiondoa. Niliketi nikitazama simu kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Halafu ikaja picha ya shingo. Ikaja ya tumbo. Mwalimu mmoja akatuma ya paja akaomba radhi kwa kutuma paja. Mmoja wa wale vijana wa Osiri akaandika kwamba yeye hana, lakini alishaacha kutumia zile taulo toka siku ya kwanza, hakutaka kusema akaonekana anaringa. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Saa kumi na mbili na nusu akaandika Kocha mwenyewe. "Jim nimefunga. Akinyi tumempeleka hosi, amepewa tembe. Hata mimi niko nayo mgongoni toka mwezi jana. Nilikuwa napaka mafuta tu. Mnisamehe."

Nilisoma. Nikasoma tena.

Mwezi mzima. Mwezi mzima alijua, alivaa shati lake, akatukabidhi taulo kwa mikono miwili na kutubariki. Na mchana wa leo amesimama saluni kwangu akawasingizia vijana wa watu. Damu ilinipanda. Nilianza kumjibu, si kundini, kwake mwenyewe. Niliandika haraka, maneno ambayo shemasi hajawahi kuandikiwa. Nikafika mahali pa kuandika ulijua, ulijua na ukanyamaza.

Kidole kikasimama.

Mimi nimejua siku nane.

Glavu za saluni huishia kwenye kifundo. Kiduara kiko juu yake. Na mteja anapoegemea beseni nimwoshe, shingo yake na nywele za kisogoni hulala hapo hapo, kwenye mkono wangu, na blauzi huwa nimeipandisha ili isilowe. Hili sikuligundua leo. Nililijua tangu kichwa cha kwanza. Nilichagua kutazama ukutani huku nikiosha. Yule mwanamke aliyefuta miadi yake ya Ijumaa hakunionea.

Nimefuta yale niliyokuwa nikimwandikia Kocha. Nimemwandikia pole tu, na kwamba nitamwombea Akinyi, halafu nikachukua karatasi nikakumbuka mmoja mmoja walioketi kwenye kiti changu siku hizo nane. Ni watu kumi na tisa. Wawili ni watoto.

Kesho saluni haifunguliwi. Nitakaa na simu. Nitaanza na mama wa yule mtoto wa chekechea niliyemwosha juzi, aliyesinzia kichwa kikiwa mkononi mwangu, nami nikamwacha alale.