Kona Zote hadi Praiano

Jumatano, 31 Mei

Siku ya mwisho kazini. Miaka thelathini na sita kwenye basi la pwani, leo nimerudisha funguo. Vijana wa stendi ya Amalfi walinikatia keki ya limau, wakaniambia sasa utaiona bahari, mzee. Hawajakosea. Dereva wa barabara hii haangalii bahari. Anaangalia ukuta, basi linalokuja, na mguu wa mtalii anayepigwa picha katikati ya kona.

Ersilia kauliza kesho nitafanya nini. Nikamjibu: nalala mpaka saa mbili. Mke wangu kacheka tu.

Alhamisi, 1 Juni

Nimeamka saa kumi na nusu alfajiri. Nimevaa shati la kazi. Nimelivua.

Jumatatu, 5 Juni

Mama mkubwa Colomba anahama. Liberato, mwanawe, anampeleka Torino, kaskazini kabisa, Jumatatu ya tarehe 19, akaishi huko moja kwa moja. Nyumba ya Praiano imeshapata mpangaji.

Mama alipewa habari kwenye simu. Yeye na dada yake huongea kila asubuhi saa moja kamili, kahawa mkononi, mmoja huku Minori, mwingine kule. Mama ana miaka themanini na saba, Colomba tisini na mmoja. Hawajaonana miaka sita. Kilomita kumi na tatu! Lakini Mama hapandi gari, kona humtapisha. Colomba naye hashuki barabarani, kwa sababu kati ya mlango wake na barabara kuna ngazi mia mbili na kumi na nne, na magoti yake yalishakataa. Boti hazisimami Praiano.

Mama alikata simu akaendelea kumenya viazi. Nilidhani yameisha. Kumbe alikuwa anasubiri amalize kiazi cha mwisho.

"Leone," kasema, "wewe si ndiye dereva?"

Jumatano, 7 Juni

Nimetengeneza ratiba. Kuondoka saa mbili na dakika tano. Atrani na dakika kumi na nane. Amalfi na dakika ishirini na mbili. Praiano na dakika hamsini. Dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla, dirisha wazi vidole vitatu, kiti cha mbele. Ersilia aliisoma mara mbili, akauliza tikiti zinauzwa wapi.

Acheke. Mtu akiijua barabara, safari haina presha.

Ijumaa, 9 Juni

Hatukufika. Hata Amalfi hatukufika.

Tulichelewa dakika sita kwa sababu Mama alirudi kuchukua kitambaa. Nikataka kuzifidia. Kabla ya Atrani akasema simama. Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu mama yangu mzazi: "Kituo kiko mbele, Mama." Mita mia nne tu! Lakini tumbo halisomi vibao. Ametapika ndani ya mkoba wake mzuri, ule wa kanisani, kwa sababu hakutaka kuchafua gari langu.

Tumegeuza. Njia nzima Mama alishikilia mkoba mapajani kama mtoto mchanga. Ersilia alipotufungulia mlango alinitazama mimi, si yeye. Umeendesha kama mtu anayetafutwa, kasema.

Jumamosi, 10 Juni

Saa moja simu imelia. Mama hakupokea. Ikalia tena. Nimepokea mimi, nikamwambia mama mkubwa kwamba Mama yuko bafuni. Colomba kanijibu kwa utaratibu kabisa kwamba amemjua mdogo wake Mena kwa miaka themanini na saba na hajawahi kumwona bafuni saa moja.

Zimebaki siku tisa.

Jumanne, 13 Juni

Leo nataka niandike vizuri, nisisahau hata neno.

Tulikuwa jikoni, mimi na Mama, tunatengeneza ndunderi, vidonge vya kuchemsha, kwa chakula cha mchana. Yeye anakanda jibini na unga, mimi nakata vipande. Anasema navikata vikubwa. Nikaona hapa ndipo pa kuomba radhi. Nikasema Mama, siku ile nilikosea, na hizo kona ningeweza kukuzungusha kwa njia ya...

Akanikatiza. Kona hazina neno, kasema. Mimi na Colomba utotoni tulizipita tumekaa juu ya kigari cha malimau, tukiimba.

Nikauliza, basi ni nini?

Akafuta mikono. Akaonyesha dirisha, kule chini barabara inapojikunja kuzunguka mwamba. Kila dereva hupiga honi pale, ndiyo desturi, ili anayekuja asimame. Kila mmoja ana yake. Yangu ilikuwa mbili fupi, moja ndefu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba ni yangu.

"Saa kumi na moja na robo unakwenda," kasema. "Saa tatu kasoro unarudi. Jioni hivyo hivyo. Mvua ikinyesha, mawe yakianguka kule Furore, mimi nimesimama hapa na sufuria, sipumui mpaka nisikie zile mbili fupi. Miaka thelathini na sita, mwanangu. Kila siku nimekwenda nawe mpaka Positano na kurudi, bila kutoka jikoni. Sasa ukinipakia kwenye gari, tumbo linakumbuka yote kwa mpigo."

Nilikata vipande vinne vya ovyo. Niliona aibu, na nilifurahi mno, vyote pamoja. Abiria wote hao niliowabeba, na huyu sikumjua.

Nikamuuliza tufanyeje. Akafikiri kidogo. Saa ya mkononi uiache nyumbani. Uende polepole. Na nikisema simama, usimame, hata kama ni mlangoni kwa askofu.

Halafu kaniambia, kwa sauti ile ile, kwamba vipande bado vikubwa.

Alhamisi, 15 Juni

Asubuhi walipigiana simu. Nilimsikia Mama anamwambia dada yake asifungashe sufuria kubwa, atakuja kuitazama mwenyewe Jumapili. Kisha wakabishana nusu saa kuhusu sufuria hiyo ilikuwa ya nani. Ersilia ameosha mkoba mara tatu, ameutundika kwenye kamba kati ya mashuka. Haunuki tena. Nimeunusa mwenyewe.

Jumamosi, 17 Juni

Saa yangu iko kwenye droo ya vijiko. Mkono mwepesi.

Jumapili, 18 Juni

Naandikia kwenye ngazi, Praiano, daftari gotini. Ersilia alinicheka nilipolibeba.

Tuliondoka Minori jua halijatoka, kabla magari ya wageni hayajaamka. Mama mbele, kitambaa kichwani, ndoo miguuni. Ersilia nyuma na sahani ya ndunderi. Pale kwenye mwamba Mama akasema, piga. Nikapiga, mbili fupi, moja ndefu. Akatazama juu dirishani kwetu. Akacheka peke yake.

Atrani akasema simama. Nikasimama pale pale. Hakutapika, alitaka kuona kama duka la vifungo bado lipo. Halipo. Amalfi tumekunywa kahawa tumekaa, mimi ambaye sijawahi kukaa kwa kahawa Amalfi. Baada ya hapo kila alipotaka, tukasimama. Kwa mti. Kwa kanisa dogo. Kwa kisichokuwa chochote, ili apumue tu. Nimeiona bahari. Ipo kweli.

Conca nimefanya kituko. Mama hakuwa amesema kitu, lakini mguu wangu wenyewe ulikanyaga breki, nikaingia kituoni nikasimama, mkono unatafuta kitufe cha mlango. Mlango wa nyuma ukafunguka! Bi Gerarda, abiria wangu wa kila Jumapili, na kapu lake la maua ya maboga.

"Umechelewa," kaniambia, akijipenyeza karibu na Ersilia. "Na basi lenu limekuwa dogo."

Nikasema Bi Gerarda, mimi nimestaafu, hili ni gari langu.

"Kwani nimekuuliza?"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha wale wawili wakashikana na habari za nani kaoa na nani kakataliwa, na kona zote za Furore zikapita bila Mama kuzitazama. Ndoo haikutumika. Kilomita kumi na tatu kwa muda wa karibu saa tatu. Ningekuwa kazini wangenifukuza.

Praiano hakuna pa kuegesha. Nimeacha gari kituoni, nikasema dakika tano, nimfikishe Mama mlangoni kwa dada yake.

Mama amepanda ngazi sabini na moja. Hapo akakaa. Uso mwekundu, lakini macho makali. Nikamwambia nitambeba. Akaniuliza kama amekuwa gunia.

Ndipo tukasikia mlango juu, na sauti ya Liberato ikisihi, Mama, tafadhali, Mama. Kwenye mpindo wa ngazi akatokea Colomba, gauni la Pasaka, mkono mmoja ukutani, mwingine kwa Liberato. Anashuka. Mguu mmoja, unapumzika, mwingine.

"Mena! Kaa hapo, nakuja!"

"Kaa wewe! Mimi nimetoka Minori, wewe umetoka jikoni!"

"Mimi ndiye mkubwa!"

"Basi tumia akili!"

Hakuna aliyekaa.

Simu yangu imetetemeka. Ni Bruno, niliyemfundisha kazi mwenyewe. Yuko chini na basi lake, abiria hamsini, hawezi kuingia. Leone, gari lako liko kituoni kwangu, kaandika. Nimemjibu: najua.

Ersilia kanitazama, kauliza kama nashuka. Nimemwambia hapana. Kati yao zimebaki ngazi arobaini hivi. Colomba amesimama kupumua, Mama amepanda moja zaidi. Simu inatetemeka tena. Miaka thelathini na sita sijamchelewesha mtu kwa kupenda. Leo wangoje.