Bibi Hakusema Anaipenda Nchi Yao

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu tukuzike naongea na wewe moyoni tu, unajua nilivyo na aibu. Leo naandika kwa sababu nimekusingizia.

Ubalozi mmoja umeleta shindano la insha ya Kiingereza shuleni: utamaduni wao umeigusaje familia yako. Mwalimu anaiita nguvu laini, yaani nchi kupendwa kwa filamu na nyimbo zake, bila bunduki. Nikakuandika wewe. Nikasema tamthilia yao ilikufanya uipende nchi yao, ukatamani kuiona. Nimeingia kwenye watatu bora, Bibi. Ijumaa tunasoma mbele ya wageni, na atakayeshinda anapelekwa kule wiki mbili.

Lakini nakukumbuka pale nyumbani Maji ya Chai, Meru, ndizi zinaungua jikoni, wewe unamlilia yule binti anayeonewa na mama mkwe wake. "Huyu mama hana Mungu!" uliiambia TV. Jumatano ukampeleka yule binti kwenye maombi ya jumuiya, aombewe. Mwinjilisti akauliza, "Huyo binti anasali usharika gani?"

"Yuko mbali, Mwinjilisti. Wewe mwombee tu."

Akamwombea, na mama mkwe akaombewa atubu. Mimi nimejifunika kitenge chako, nacheka huku naona haya.

Tukirudi nikakuuliza kama ungependa kwenda kwao. Ukasimama katikati ya migomba. "Nikafanye nini? Watoto hawaamkii wakubwa, mgeni anaondoka hata chai hajanywa. Yule binti ndiye aje huku apumzike."

Sasa sijui nani alimvuta nani. Walikuliza kila jioni, lakini hata jina la nchi yao hukulishika. Ulimchukua binti yao ukamfanya wako, basi.

Jana nilimfuata mwalimu, nikamwambia nataka kubadilisha insha.

"We, utakosa safari. Wageni wanataka kusikia wanapendwa."

"Najua, mwalimu. Ila bibi yangu hakusema hivyo."

Akanirudishia karatasi.

Safari naitaka, sikufichi. Hata Dar sijafika. Jana hiyohiyo nilikaa nayo ile karatasi muda mrefu, kalamu mkononi, nikitafuta namna ya kubakiza uongo kidogo tu. Sikuipata. Ijumaa nitawaambia ulimpenda binti mmoja wa kwao, ukamkaribisha Meru. Wakinyamaza, wanyamaze.

Nisamehe, Bibi. Lala salama huko juu, tulikokuzika kwenye kahawa yako.

Mjukuu wako, yule asiyependa kusimama mbele za watu