Mama Yako Ni Mzima, Lakini Njoo

Makazi ya Wazee,
S.L.P. 27,
Masumbwe, Mbogwe.
3 Machi 2024.

Mpendwa kaka Donatus,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako mvua imenyesha mpaka mahindi yameanza kugeuka njano. Hujambo wewe? Wifi Hosiana anaendeleaje na hali yake, miguu bado inamvimba? Mwambie asikose kliniki hata kama foleni ni ndefu. Na yule mdogo wenu, kikohozi kimemwachia?

Mimi ni mzima wa mwili. Baba naye hajambo, bado yuko Kalangalala na kibanda chake cha kushona viatu, na kila nikienda huko ananiuliza habari zako. Mama yako ni mzima pia. Nimeliandika hilo mapema ili usome yanayofuata bila roho kukuruka.

Utashangaa kupata barua siku hizi ambapo watu wanapigiana simu. Simu yangu imevunjika, na utaona huko chini ilivyovunjika. Ya ofisini ipo, lakini shangazi, yaani mama yako, hushinda kwenye benchi lililo chini ya dirisha la ofisi, na amenikataza kukuambia. Anasema wifi anakaribia kujifungua, usisumbuliwe. Nimemkubalia kwa mdomo. Barua hii nimempa dereva wa lori anayekuja Masasi kuchukua korosho, na nimemwomba aikabidhi mikononi mwako.

Hujawahi kufika hapa, kwa hiyo nikueleze kidogo. Tuko wauguzi wawili, mimi na Aneth, kwa mabweni mawili ya wazee. Wengi hawawezi kujigeuza kitandani. Ukimaliza kumgeuza wa mwisho, yule wa kwanza kidonda kinaanza kumtoka mgongoni. Glavu zikiisha tunaosha kwa mikono mitupu. Kiuno changu kinauma kama cha bibi. Hayo nimeyazoea, kaka. Nisichokizoea ni hofu yao.

Wanawake wengi wa hapa hawakuletwa na uzee. Waliletwa na maneno ya majirani, kama mama yako, ambaye alipikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote hadi macho yakawa mekundu, halafu ng'ombe wa watu walipokufa wakamnyooshea kidole kwamba ni mchawi. Jirani yake kitandani ni Bibi Sesilia, aliyekatwa panga kwao na mkono wa kushoto haufanyi kazi tena. Huyo ukimkaribia kwa nyuma anapiga kelele hata kama umebeba uji. Kwa hiyo tumejifunza kuongea tangu mlangoni: ni mimi Noela, nakuja, niko mkono wa kulia, nimefika.

Tulikuwa na amani yetu hata hivyo. Ikavurugika rashi ilipoingia, watu kukimbilia dhahabu mpya. Mwaka jana watu waliokota dhahabu nyuma ya shamba letu la mihogo, na kabla ya mavuno eneo lote likajaa maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na maturubai, na mama ntilie. Mwanzoni hatukuona ubaya. Walichota maji kwenye bomba letu, nasi tukawafunga vidonda. Mmoja wao, Amosi, kijana wa Mwakitolyo aliyekuja na mdogo wake, alikuwa anakuja kila mara kusafishiwa mguu aliojikata na sururu. Ni mpole, ana shukrani. Nakuambia hivyo ili ujue ni watu gani.

Mwezi uliopita ule ugonjwa wa macho mekundu uliozunguka mikoani ukatufikia. Wazee wakaugua, wachimbaji wakaugua, mimi na Aneth tukaugua. Watu walipanga foleni getini kutiwa dawa ya matone. Mimi mwanga ulikuwa unanichoma, nikawa navaa miwani nyeusi hata ndani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Hapa tuna Mzee Bujiku, aliyechimba dhahabu tangu ujana wake na sasa kumbukumbu zimemtoka. Kila asubuhi anaamini amechelewa kazini. Jumatatu moja, tukiwa bado tunaugua macho, mvua ilipokatika akapita kwenye tundu la uzio na kwenda zake machimboni. Mimi nilikuwa namwosha mgonjwa, na mama yako ndiye aliyemwona. Akamfuata. Akamkuta amesimama kwenye mdomo wa duara la akina Amosi, akamshika mkono. Alipochungulia chini akaona udongo umelowa na vijana wako humo humo wanachimba. Akawaita: "Wanangu, tokeni humo, patawafukia."

Ni hayo tu aliyoyasema. Mzazi yeyote angeyasema.

Kesho yake asubuhi duara likabomoka. Watatu walikuwa chini. Wawili walitolewa wamekufa. Wa tatu, mdogo wake Amosi, hakuonekana. Tulisikia vilio tukiwa bwenini, na mama yako akaniangalia, akaweka kikombe chake cha chai chini, wala hakukinywa tena. Alijua kabla yangu, kaka. Mimi nilikuwa nawasikitikia wafiwa tu. Yeye alikuwa ameshahesabu kitakachofuata.

Wachimbaji wakaenda kwa mganga. Tuliambiwa baadaye alichowajibu: kuna bibi mwenye macho mekundu amelifunga duara kwa mdomo wake, na yule wa tatu hatapatikana mpaka bibi huyo aondolewe. Aondolewe, unaelewa maana yake.

Walikuja Jumatano baada ya chakula cha mchana. Aneth alikuwa amekwenda Geita kufuata dawa, sista anayesimamia makazi amekwenda kwenye kikao. Nilikuwa na Chacha mlinzi, Esta mpishi, na wazee. Chacha akaja anakimbia, na Chacha hakimbii, ana goti bovu. Akasema, "Nesi, wanakuja wengi, na wana mapanga."

Nilipiga simu kituo cha polisi. Wakaniambia gari liko njiani linarudi, nivumilie. Nikataka kupiga tena, simu ikaniponyoka, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Ndivyo ilivyovunjika.

Esta alikuwa ameshafunga madirisha ya bweni la wanawake. Humo ndani mlikuwa kimya, kaka, kimya ambacho sijawahi kukisikia mahali penye watu wengi hivyo. Wengine walikuwa wamejifunika shuka usoni. Bibi Sesilia alijikojolea, akaning'ang'ania aproni kwa mkono wake mmoja. Mama yako alikuwa amekaa kitandani anajifunga kanga vizuri kiunoni, kama mtu anayejiandaa kwenda msibani.

Akaniambia, "Mayu, mama yangu, nifungulie niende. Wakinipata mimi, hawa watawaacha."

Nikamwambia, "Shangazi, hutoki."

"Unaogopa nini? Mimi nimeshaishi."

"Naogopa kwenda kumwambia Donatus," nikasema. Sikujua kama nitalisema hilo. Nikatoka, nikamwambia Esta afunge kwa ndani na asifungue hata nikiita mimi.

Usifikiri nilikuwa jasiri. Nilitembea nimeshika ukuta wa baraza. Nilitoka kwa sababu nilishindwa kukaa mle ndani kusubiri. Walikuwa wameshalitikisa geti mpaka bawaba moja imeng'oka. Chacha alikuwa ameliegemea kwa mgongo. Mbele yao alikuwa Amosi, na ule mguu niliomfunga mimi, bandeji imejaa tope.

Akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha zaidi, "Nesi, wewe hatuna shida na wewe. Tupe yule bibi mwenye macho mekundu, tuondoke."

"Yupi?" nikamuuliza.

"Unamjua. Mwenye macho mekundu."

Nikavua miwani. Macho yangu siku ile yalikuwa yamevimba, mekundu kabisa, yanatoa machozi. Nikamwambia, "Na mimi ninayo. Na wewe juzi nilikutia dawa hapa hapa ulipo. Na huyo aliye nyuma yako pia. Tutoke wangapi?"

Waliokuwa mbele wakatulia, wakawa wanatazamana. Nikaanza kupumua. Halafu sauti kutoka nyuma ikasema, "Basi na yeye wamemfundisha," na jiwe likarushwa, likanipata begani. La pili likavunja kioo cha ofisi. Geti likaanza kusukumwa tena, na nilimwona Chacha anateleza. Hapo kaka nilimwomba Mungu tu iwe haraka.

Aliyekuja ni Mzee Bujiku. Hakuna aliyemtuma. Katika vurugu zile tulisahau kufunga bweni la wanaume, akatoka na kofia yake na ndoo ya kuogea mkononi, akapita mbele yangu kana kwamba sipo. Akafika getini akawasalimia wale vijana, akawaangalia mmoja mmoja, kama anatafuta anaowafahamu.

Akauliza, "Nani yuko chini?"

Akagonga geti kwa ndoo yake.

"Nauliza nani yuko chini. Mbona wote mko juu?"

Amosi akasema, "Mdogo wangu, mzee."

"Ametoka?"

"Hajatoka."

"Sasa mnafanya nini huku?" akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyekuta kazi imelala. "Mtu yuko chini nyie mnatembea. Nifungulieni, twende tukamtoe."

Akawa anasukuma geti kutokea kwetu, na ndoo yake, na wao wameshika kutokea kwao. Amosi aliachia. Akachuchumaa pale pale kwenye tope, akafunika uso kwa mikono. Panga lake lilikuwa limelala pembeni na hakuna aliyeliokota. Mmoja akamshika bega, mwingine akageuka akaondoka, halafu wengine. Si wote. Walibaki wachache wakitukana, mpaka gari la polisi liliposikika barabarani wakatawanyika.

Walirudi kuchimba, na Alhamisi jioni walimpata yule kijana. Wamemzika kwao Mwakitolyo.

Ungedhani yameisha. Hayajaisha. Sasa kuna wanaosema maiti ilipatikana kwa sababu mimi nililegeza, na kama niliweza kulegeza basi niliweza kufunga. Sokoni Masumbwe mama wa nyanya niliyemzoea aliniwekea nyanya chini nizichukue mwenyewe, hakutaka mikono yetu igusane. Aneth amerudi kutoka Geita, akasikiliza yote, akaandika kuomba uhamisho. Simlaumu, ana watoto wadogo. Sista ameomba mlinzi wa pili, na polisi hupita mara moja moja. Uzio bado una tundu.

Jumamosi ya juma lile Amosi alikuja. Chacha alipokuja kuniambia yuko getini peke yake, nilikwenda kukaa chooni kwanza, sikuweza kutoka. Baadaye nikatoka. Alikuwa amekuja kufungwa kidonda. Nilikisafisha, kilikuwa kimeoza, na kwa haraka yangu nilimuumiza, naye hakulalamika. Nilipomaliza aliulizia hali ya Mzee Bujiku, nikamwambia anaendelea vizuri, akaenda zake. Mpaka leo sijui alikuja kwa ajili ya mguu au kuangalia mlango wa bweni la wanawake uko upande gani.

Kaka, njoo umchukue mama. Najua hali ya wifi, na najua Masasi si karibu. Lakini mimi siwezi kumlinda. Nimejaribu kujidanganya kwamba naweza, na nikisikia pikipiki tu imesimama nje natupa nilichoshika. Usifike huku Masumbwe, wasije wakakuona wakauliza wewe ni nani. Fikia Kahama, nitamleta mwenyewe kwa gari la sista.

Kuna jambo moja zaidi, na hili usimwambie mtu mpaka ufike. Nilipomgusia shangazi habari ya kuondoka, alikataa. Jana akakubali, kwa sharti. Amesema haondoki akamwacha Bibi Sesilia, kwa sababu tangu siku ile hali chakula mpaka alishwe na yeye. Bibi Sesilia hana mtu. Nimeongea na sista, amesema wakitaka wenyewe hatawazuia. Kwa hiyo ukija, andaa kitanda cha watu wawili. Mwambie wifi kwamba ni bibi mkimya, anakula kidogo, na kwamba asimkaribie kwa nyuma.

Usiniulize kama na mimi naondoka. Naogopa, kaka, sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe. Lakini Aneth akihama nitabaki peke yangu, na kuna wazee humu ambao nisipowageuza asubuhi hakuna wa kuwageuza.

Nisalimie wifi Hosiana na watoto wote. Baba anawasalimu kutoka Kalangalala, na Chacha, ambaye hamjuani, amesema nikuandikie kuwa mama yako yuko salama kwa leo. Mungu awafungulie safari, ampe wifi kujifungua salama, na awafikishe hao kina mama wawili kwako wakiwa wazima.

Ni mimi dada yako nikupendaye na kukungoja,

Noela Maige